Fahali Aliyesimama Mahali pa Ng'ombe Wetu

Wapendwa, ninyi mnaosikia baridi na ninyi mnaojifanya hamsikii, nawasalimu nyote kwa jina la Yesu aliyenikomboa. Itikieni kwa nguvu kidogo, mvua hii juu ya bati isitushinde sauti. Amina! Naam, hiyo imesikika mpaka Mpuguso.

Mchungaji amesema kwa kuwa tunaelekea Pasaka, nisimame niwaeleze jinsi nilivyokuja kuielewa habari ya dhabihu. Kisha akaongeza, "Kwa ufupi, baba." Mke wangu akacheka palepale kwenye benchi, nanyi mmemsikia. Basi nitajitahidi. Nikizidisha chumvi, ninyi mnaonifahamu punguzeni wenyewe mkifika nyumbani.

Mnajua niliacha shule darasa la tano nikaenda kuchuma chai. Nilirudi darasani nikiwa na mvi kidevuni, masomo ya jioni kule Ibighi, nikaketi dawati moja na kijana ambaye siku ya ubatizo wake nilimbeba mimi. Alikuwa akinisahihisha hesabu huku akiniita baba mdogo. Siku nilipopata cheti cha kidato cha nne, nadhani Mlima Rungwe wenyewe ulijisogeza kunipisha njia. Cheti kiko ukutani, na mgeni hanywi chai kwangu kabla hajakisoma.

Sasa, aliyechelewa kusoma ni kama aliyechelewa kula, habagui chakula. Nilisoma karatasi za kufungia maandazi. Nilisoma mfuko wa mbolea pande zote mbili. Biblia nayo nikaianza ukurasa wa kwanza, kama tunavyolima: unaanzia mpakani, hupigi jembe katikati ya shamba halafu ukajiita mkulima. Mzee mmoja wa kanisa alinishauri nianzie Injili. Nikamwambia, "Mzee wangu, msomi haruki mistari."

Basi shida iliponikuta, nilikuwa nimemaliza Kutoka, naingia Mambo ya Walawi. Ndugu zangu, hapo ndipo habari ilipoharibikia.

Binti yetu wa kwanza, huyo pale anayenikunjia uso ninyamaze, tulimpata baada ya miaka mingi ya kungoja, wakati majirani walikuwa wameshaacha kutuuliza. Asubuhi moja, alipokuwa mdogo bado, alikuwa anakunywa uji jikoni. Kikombe kikamtoka mkononi. Macho yakageuka, mwili ukakakamaa, akaanguka karibu na mafiga. Mimi ninayebeba mikungu miwili ya ndizi kutoka bondeni bila kupumzika, asubuhi ile sikuweza hata kuinua kile kikombe.

Tukampeleka kwa daktari, akapimwa, tukaambiwa ni kifafa. Muuguzi aliyetuhudumia alikuwa amehamishiwa huku kutoka pwani, maskini, mwezi wa saba amevaa makoti mawili na bado anatetemeka. Alitushika mikono wote wawili. "Baba, mama, huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine," alisema. "Si laana, si hukumu. Apewe vidonge kila siku bila kuruka, ale vizuri, anywe maziwa. Akianguka mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, kaeni naye mpaka aamke."

Mke wangu alisikia yote. Mimi nilisikia neno moja tu, hukumu. Lile "si" lililotangulia lilinipita kama basi lisilo na nafasi.

Maana nilikuwa nimesoma, tena juzijuzi tu, kwamba mzaliwa wa kwanza ni wa Bwana, na kwamba sharti akombolewe, nami nikaelewa ni kwa mnyama. Nikajipiga paji la uso. Mimi wangu sijamkomboa! Nikamweleza mke wangu jioni ileile, tunamenya viazi.

Akasema, "Mbona hapo pameandikwa mzaliwa wa kwanza wa kiume?"

Nikamwambia, "Mama, siku hizi kuna usawa wa kijinsia."

Cheka tu, dada yangu. Mimi wakati ule sikucheka. Mtu mwenye hofu hushika chochote kinachofanana na mpini.

Nikaanza na jogoo. Walawi wanataka njiwa, lakini njiwa sikuwa nao, nikaamua jogoo ni njiwa aliyeshiba. Nikamkagua asiwe na kilema: macho, kucha, upanga wa kichwani. Mke wangu akauliza kama jogoo anakwenda kuajiriwa jeshini. Jumapili nikamleta hapa, na kama desturi yetu ilivyo, baada ya ibada vitu vyote vya sadaka vikatolewa nje kunadiwa, maboga, mayai, parachichi, na jogoo wangu asiye na kilema. Akanunuliwa. Na mtoto akakaa wiki kadhaa hajaanguka.

Mnaona mtego? Mtoto alikuwa anakunywa vidonge kila asubuhi kutoka mkononi mwa mama yake, lakini sifa zote nikampa jogoo.

Alipoanguka tena, nikasema jogoo ameisha nguvu. Nikaleta beberu. Akatulia, akaanguka. Nikaleta kondoo, naye nilimtafuta vijiji vyote hadi nilipompata asiye na doa, mweupe kiasi kwamba ukungu ulimwonea wivu. Mtoto akatulia kidogo, akaanguka tena, safari hii mbele ya macho yangu, uani, akaumia kidevu. Kila alipoanguka mimi sikukaa naye. Nilikimbilia zizini. Mama yake ndiye aliyekuwa amepiga magoti matopeni, na mimi natazama nani amebaki wa kutolewa.

Aliyebaki alikuwa mmoja. Ng'ombe wetu wa maziwa.

Wengine mnamkumbuka. Akikamuliwa, nawaambieni, ndoo ziliomba msaada. Uji wa mtoto, chumvi, sabuni, vyote vilitoka kwake. Mke wangu aliponiona nasugua kwato zake Jumamosi mchana, akajua. Akasimama mlangoni mwa zizi, ameshika beseni.

"Na huyu?"

"Na huyu."

"Muuguzi kasema mtoto anywe maziwa."

"Mungu atatupa maziwa mengine."

Hakunipigia kelele. Laiti angenipigia. Aliniuliza polepole, "Baba, na huyu akiisha, mtoto akaanguka tena, utamtoa nani? Mimi?" Kisha akamtazama binti yetu aliyekuwa anacheza na majani ya mgomba, akamvuta akamficha nyuma yake. Nyuma yake, ndugu zangu. Alimficha mtoto wangu nisimwone.

Nilijua anawaza nini, maana habari ya Ibrahimu na kisu nilikuwa nimemsomea mimi mwenyewe, kwa sauti, nikijivunia matamshi. Iliniuma. Lakini hofu ina masikio ya jiwe. Jumapili asubuhi nikaweka mikono yangu miwili juu ya kichwa cha yule ng'ombe, kama nilivyosoma kwamba mtoaji humwekea mnyama mkono kichwani ili awe mahali pake. Yeye akanilamba mkono wa koti. Nikafunga kamba, tukaondoka.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi sikuliona, nilisimuliwa baadaye.

Nyumba ya baba yangu iko jirani na yetu, katikati ni migomba tu. Na ninyi mnajua kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe wanaogopana. Vijana wa mjini mmelegeza, lakini baba yangu ni mtu wa zamani wa Nkunga, na mke wangu alilelewa vizuri kwao. Tangu nimwoe, hajawahi kumtazama mzee usoni. Hataji jina lake. Wakikutana njiani yeye huingia migombani mpaka mzee apite. Ukimpelekea mzee chakula alichopika yeye, anakula, anasifu, lakini sifa anaiambia sufuria.

Sasa mwanamke yule afanye nini? Mume kaondoka na ng'ombe. Mtu pekee anayeweza kumzuia yuko ng'ambo ya migomba mitatu, na haruhusiwi kusema naye. Akamchukua mtoto, akasimama nyuma ya migomba, akasema kwa sauti ya mtu anayeita kivuko:

"Mwanangu! Leo hakuna maziwa! Baba yako amemchukua ng'ombe wetu kanisani! Sijui kesho utakunywa nini, mwanangu!"

Akatega sikio upande wa pili. Halafu akamsikia mzee, naye hasemi naye, anasema na fahali wake:

"Wewe, umesikia? Inuka. Tuna safari."

Kuhusu fahali huyo sizidishi hata punje. Alikuwa mweusi, nundu kama kilima chenye kanisa juu, na akinguruma, watu wa Tukuyu mjini walianua nguo wakidhani mvua. Baba alikuwa akimkuna shingo kila jioni na kumweleza habari za siku. Wafanyabiashara walikuja kuomba kumnunua, akawafukuza kwa fimbo. Sisi watoto wake tulijua nafasi yetu: ya kwanza ilikuwa ya fahali.

Hapa kanisani ibada ikaisha, mnada ukaanza. Mzee wetu wa mnada, mnaujua ulimi wake, aliuza ndizi hadi zikajiona nyama. Zamu ya ng'ombe ilipofika akapunguza sauti, maana kila mtu alijua ni wa nani. Watu wakatazama chini. Alikuwepo mfanyabiashara mmoja wa maziwa kutoka mjini, akataja bei nzuri. Hakuna aliyeongeza. Mnadi akauliza mara ya kwanza. Akauliza mara ya pili. Mke wangu alikuwa amefika, amesimama na mtoto karibu na uzio, kanga imefunika nusu ya uso.

Ndipo tukasikia ngurumo njiani. Mbingu ilikuwa nyeupe.

Baba yangu akaingia uani anamvuta fahali. Mzee yule na magoti yake, kilima chote kile! Watu wakampisha. Akafika katikati, akavua kofia.

"Ng'ombe huyo asiuzwe."

Mnadi akasema kwa heshima, "Tata, ametolewa sadaka. Kilichotolewa hakirudishwi hivihivi. Labda upandishe bei."

"Fedha sina. Nina huyu. Mchukueni huyu mahali pake."

Mfanyabiashara wa mjini akamzunguka fahali, akamtazama mzee, akasema, "Mzee, huyu anazidi yule mara nyingi."

"Sikukuuliza," baba akamjibu.

Mchungaji akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka waziwazi. Na baba, ambaye hajawahi kusoma Walawi, ambaye hasomi hata jina lake, akaweka mkono wake juu ya kichwa cha fahali. Hakuiga kitabu. Alikuwa anaaga. Akamnong'oneza kitu kwa Kinyakyusa, ambacho mpaka leo hajatuambia.

Mimi nikamkimbilia, nimechanganyikiwa. "Baba, unafanya nini? Hii ni kwa ajili ya mtoto! Lazima nitoe kitu changu!"

Akanitazama vile anavyonitazama tangu nina kaptura moja. "Wewe ulipougua surua, ukawa unawaka kama mkaa, nilikuuliza umeniletea nini?"

Nikatazama kwato za fahali. Mtu wa kidato cha nne.

"Nilikuuliza?"

"Hapana, tata."

"Basi Kyala, Mungu wetu, anazidiwa upendo na mimi?"

Akaifungua kamba ya ng'ombe wetu. Nilidhani ataniachia mimi, au atamwekea mtoto mkononi, kama desturi inavyotaka. Hapana. Akatembea moja kwa moja kuelekea uzio aliposimama mke wangu. Mke wangu akaona anakuja, akageuka, akatafuta migomba ya kujificha, na uwanja wa kanisa, mnaona wenyewe, hauna hata mgomba mmoja. Akachuchumaa, akafunika uso. Akina mama wakashika vinywa.

Baba akasimama mbele yake. "Mwanangu," akasema. Miaka yote ile, hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia yeye mwenyewe, si sufuria, si fahali. "Mwanangu, inuka. Nitazame. Shika ng'ombe wako."

Kanga ikashuka polepole. Akainua macho. Akaishika kamba, na mkono wa mzee haukuondoka haraka. Vigelegele vilivyolipuka siku ile, kama kuna mtu Ziwa Nyasa hakuvisikia, basi alikuwa amelala.

Lakini mimi, kichwa changu kigumu, bado nilikuwa na wasiwasi. Jioni ileile nikamfuata mchungaji nyumbani kwake. Nikamwambia, "Mchungaji, sadaka yangu imerudishwa. Je, haitahesabiwa? Nitafute mnyama mwingine?"

Akaniuliza, "Unasoma wapi kwenye Biblia?"

"Walawi."

"Mpaka leo?"

"Nasoma kwa makini, mchungaji."

Akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akanitengea kiti, akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. Akasema, "Wale makuhani uliowasoma, walichinja asubuhi, wakachinja jioni, mwaka hadi mwaka. Kama damu ya fahali na mbuzi ingekuwa imemaliza kazi, si wangeacha? Mungu hakuwapa wanyama wale kwa kuwa ana njaa. Alikuwa anawafundisha watu kwamba dhambi inaua, na kwamba yeye yuko tayari kupokea mwingine mahali pao. Ilikuwa picha. Wewe umekaa unaipelekea picha chakula."

Akaniambia habari ya pazia la hekaluni, zito, ambalo nyuma yake hakuna aliyeingia ila kuhani mkuu, mara moja kwa mwaka, akiwa na damu. Na siku Yesu alipokufa pazia lile likapasuka toka juu mpaka chini. "Toka juu," akasema. "Aliyepasua hakuwa chini. Leo umeona baba mkwe akivuka uwanja kwenda kwa mkamwana wake. Mkamwana asingeweza kwenda. Ilibidi mkubwa ndiye aje."

Nawaambia, nywele zilinisimama, hata zile zilizokwisha kung'oka.

Tena akanionyesha kwamba katika sheria ileile niliyokuwa naisoma kwa makini, mtu akipoteza mali yake au akajiuza utumwani, jamaa yake wa karibu ndiye humkomboa. Jamaa. Mtu wa damu yako. Ndiyo maana Mwana wa Mungu alizaliwa mtu, awe jamaa. Na zaidi ya yote, fahali wa baba alivutwa kwa kamba, hakujua anakokwenda. Yesu alikuja bila kamba, tena anajua.

Mwisho akanifungulia Waebrania, upande wa mbali kabisa wa shamba, ambako mimi nilikuwa nifike labda nikiwa na miaka tisini. Akasema, "Kuhani wa zamani alisimama kila siku, maana ndani ya hema hapakuwa na kiti. Kazi ilikuwa haiishi. Yesu alipojitoa mara moja, aliketi. Wewe umesimama muda gani, baba?"

Nikalia. Nililia hadi mke wa mchungaji akaleta taulo badala ya leso.

Fahali alichinjwa wiki iliyofuata, kwenye sikukuu ya kipaimara. Mchinjaji alikuwa jirani yetu Mwislamu, rafiki yangu wa utoto, ili ndugu zetu wote wa kijiji wapate kula. Aliponiita nishike mguu akasema, "Ninyi mnapenda nyama, kisu mnatuachia sisi." Kisha akanoa kisu na kuongeza kwa upole, "Sisi sikukuu ya kuchinja ikifika, tunagawa. Mungu hali nyama. Anayekula ni jirani." Tukala wote, wa dini zote, mpaka mifupa ikabaki kama imeoshwa. Baba yangu hakula. Alikaa pembeni akitazama watu wakila, na mke wangu akamletea chai, akampa mkononi, wakazungumza habari ya mvua kama watu waliozungumza siku zote.

Nawashukuru. Nakushukuru wewe muuguzi wa makoti mawili, unayemfuatilia binti yangu kuliko mimi ninavyofuatilia mpira. Nakushukuru mfanyabiashara uliyeondoa bei yako bila kinyongo. Nakushukuru mchungaji, na taulo lako nitalirudisha. Mke wangu, uliyempa mtoto dawa wakati mimi nampa Mungu kondoo, ndaga fijo. Na baba, pale nyuma, usijifanye umesinzia. Ndaga fijo, tata.

Kama kuna mtu hapa amesimama zizini, anatafuta kitu cha kumpelekea Mungu ili mkewe apone, ili mwanawe aache pombe, ili ajisikie amesamehewa, namwomba aje akae. Toa sadaka, ndiyo, leta maboga, mnadi wetu asikose kazi. Lakini leta kama mtu anayeshukuru, si kama mtu anayefukuzwa.

Sijaja kuwaambia binti yangu amepona kabisa. Anakunywa dawa, anasoma, anaanguka mara chache sana. Wiki iliyopita alianguka, uani, mchana. Ng'ombe alikuwa zizini, hatua chache tu. Nilimlaza ubavu, nikaweka koti langu chini ya kichwa chake, nikakaa pale chini kwenye majani yaliyolowa. Alipofumbua macho alinitazama kwa mshangao.

"Baba, umekaa tu?"

"Nimekaa tu, mwanangu."

Akaweka kichwa mapajani pangu, tukaendelea kukaa.